Dodoma hadi Singida na rafiki: chakula cha njiani kinapangwa Ijumaa jioni

Mkuu, umeuliza: wewe na rafiki yako mnatoka Dodoma Jumamosi asubuhi kwa gari kwenda Singida, mnalala, mnarudi Jumapili, mle wapi? Njia hiyo nimeipita na jamaa yangu mara nne, tukiwa wawili tu kwenye gari. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mara ya kwanza tulikosea, na kosa lenyewe lilimuumiza mwenzangu kuliko mimi.

Safari ile tulipanga kila kitu isipokuwa chakula. Tairi ya akiba, mafuta, gesti ya kulala, vyote sawa. Chakula tukasema tutakula popote njaa itakapotukuta. Ikatukuta Manyoni saa tano asubuhi, saa mbaya kuliko zote: supu imekwisha, cha mchana bado kiko jikoni. Tukaishia kula chipsi mayai zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Singida tulifika mchana, tukaagiza kuku wa kienyeji kwenye mgahawa mmoja, akaletwa baada ya dakika 25, laini kabisa. Kienyeji hapikiki hivyo. Ukiona ameiva haraka namna hiyo, ama amepashwa moto kutoka jana, ama ni wa kisasa anayeuzwa kwa jina la mwenzake.

Lakini kubwa lilikuwa la usiku. Mimi ndiye niliyechagua sehemu ya nyama choma. Jamaa yangu ni Muislamu, Idi nakula kwao kila mwaka, ila siku hiyo sikuangalia kwamba jiko lile lile linachoma na kitimoto. Akaniambia ameshiba, akanywa soda, tukapiga stori. Usiku, taa imeshazimwa, nikasikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa taratibu kwenye kitanda chake. Hakutaka niharibikiwe na jioni yangu. Nililala vibaya sana.

Tangu siku hiyo Ijumaa jioni huwa tunakaa dakika kumi tunaongea: nani anakula nini, nani hali nini, tutakula saa ngapi. Halafu napiga simu. Usimwonee rafiki yako aibu ya kumuuliza. Kama ana vidonda vya tumbo, kama amefunga, kama hali nyama ya mbuzi, hayo yajulikane kabla gari halijawashwa, kwa sababu mkishafika mezani mtu mwenye heshima atakwambia ameshiba.

Sasa njia yenyewe. Dodoma hadi Singida ni karibu kilomita 240, lami tupu, ila vijiji ni vingi na kila kijiji mwendo ni 50, trafiki wapo. Hesabu mwendo wa saa nne. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi mkiwa mmekunywa chai ya rangi tu. Bahi mtapita mapema, mashamba ya mpunga yako huko, angalieni mkiwa mnapita. Baada ya Kintinku mtapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na mkishafika juu Manyoni haiko mbali. Hapo ndipo pa kula asubuhi, saa mbili hadi saa tatu, kabla mifupa haijabaki peke yake kwenye sufuria. Supu ya mbuzi, chapati mbili, ndimu, pilipili mbuzi iliyopasuliwa. Tafuteni palipojaa madereva wa malori, na sufuria iwe inachemka mbele ya macho yenu.

Singida ni kuku, mkuu. Watu wanasafirishiwa kuku wa Singida hadi Dar kwenye matenga, kwa hiyo ukifika pale penyewe halafu ukala kuku aliyepashwa moto, ni hasara. Mama lishe ninayemtegemea nilielekezwa na kijana wa bodaboda. Nilimuuliza, "Wewe ukipata hela nzuri unakula wapi?" Sikumuuliza hoteli nzuri iko wapi, kwa sababu hapo angenipeleka kwenye viti vya kochi. Nikachukua namba ya yule mama. Sasa nampigia Ijumaa, na yeye swali lake la kwanza ni, "Jogoo au tetea?" Tetea anaiva kwa kama saa moja na nusu, jogoo mkubwa anaweza kufika saa mbili, ila mchuzi wa jogoo hauna mfano. Mimi swali langu ni nani atachinja. Singida Waislamu ni wengi, kuchinjiwa si kazi, lakini naliuliza jamaa yangu akiwa anasikia, ili siku ya kula aketi bila wasiwasi.

Mara ya mwisho tulifika saa sita na nusu. Kuku alikuwa ameshachemshwa kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, supu yake imewekwa pembeni. Mbele yetu mama akamimina mafuta ya alizeti kwenye kikaango, yale ya kukamuliwa huko huko yenye harufu nzito kidogo, akatumbukiza vipande vikakaangika mpaka ngozi ikawa kahawia na kuanza kupasuka. Tukaletewa supu kwanza kwenye vikombe, halafu ugali, kachumbari na kuku. Nyama ya paja la kienyeji haiachii mfupa kirahisi, unaivuta kwa meno, na mfupa wenyewe ni mwembamba na mgumu. Jamaa yangu alikula hata shingo. Kuku mzima na ugali wake tulilipa sh. 25,000, tukiwa tumeshiba kweli kweli. Wekeni na hela taslimu, si kila mama lishe ana lipa namba.

Kuhusu malipo, sisi mmoja anaweka mafuta ya gari, mwingine anabeba chakula chote, safari ijayo tunabadilishana. Hakuna kuhesabiana chapati.

Usiku msijishughulishe sana, mtakuwa bado mna kuku tumboni. Sisi huwa tunakwenda kukaa karibu na Ziwa Singidani jua likizama, upepo mkali, mawe makubwa pande zote. Mkipata mahindi ya kuchoma yanatosha.

Jumapili nunueni vitunguu na mafuta ya alizeti ya kwenda nayo nyumbani. Mkinunua kuku hai, wasifungiwe kwenye buti. Tenga likae kiti cha nyuma, kioo kishushwe kidogo, msiwaache juani mkisimama.

Mchana wa Jumapili msile Manyoni. Shukeni hadi Bahi mle chakula cha Wagogo: ugali wa uwele na mlenda. Watu wengi wanaoishi Dodoma mjini wanapita Bahi kila mwezi na hawajawahi kula, na mimi linaniuma, kwa sababu ndicho chakula cha ardhi hii yenye mvua chache, uwele unavumilia pale mahindi yanapokauka. Mlenda wao unaweza kuwa wa majani yaliyokaushwa na kutwangwa, ukapikwa na karanga, hauhitaji mafuta. Ugali ni wa rangi ya kijivu, una harufu ya nafaka, unashibisha haraka. Tonge ulifinye dogo, ulichovye, halafu ulizungushe ukiwa unalinyanyua, uzi wa mlenda ukatike kabla hujafikisha mdomoni. Jamaa yangu mara ya kwanza kuula alijichafua shati lote. Mama aliyetupikia akaja, akamshika mkono, akamwonyesha taratibu kama anayemfundisha mwanawe.

Huyo naye hapiki uwele kila siku, mpaka aambiwe. Ombeni namba ya mpishi mkiwa mnapita Jumamosi asubuhi, muagize hapo hapo, halafu mumpigie tena mkiwa Manyoni kabla ya kuteremka. Mkipaki gari kwake, ugali ndiyo unasongwa.