Sifuri zilizonigombanisha na mzee wa maziwa

"Mwanangu, hizi lita sita ni za ng'ombe au za mbuzi?" Mzee alinirudishia karatasi mbele ya watu, nikakosa la kujibu.

Kikundi chetu cha wafugaji hupima maziwa asubuhi na jioni, nami ndiye ninayeingiza lita kwenye Excel. Kiasi cha pumba anachokopeshwa mwanachama hutegemea wastani wake, kwa hiyo wastani ukikosewa, ng'ombe wa mtu analala njaa. Kolamu A ina namba ya mwanachama, B ina Asubuhi au Jioni, C ina lita. Nilikuwa nimeandika hivi:

=AVERAGEIF(A2:A900,"M07",C2:C900)

Yaani mtafute M07 kwenye A, kisha toa wastani wa lita zake zilizo C. Fomula haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: siku ambazo mvua ilikata njia na mzee hakuleta maziwa, nilijaza 0, kwa sababu seli tupu niliiona kama uvivu. Excel huiruka seli tupu, lakini sifuri huihesabu. Chukua jioni nne: 8, 9, 0, 7. Wastani ni 6. Futa ile 0, unapata 8.

Nikakimbilia AVERAGEIFS, inayopokea masharti mengi:

=AVERAGEIFS(C2:C900,A2:A900,"M07",B2:B900,"Jioni",C2:C900,">0")

Hapa ">0" inabakiza lita zinazozidi sifuri tu. Mpangilio nao umegeuzwa: kolamu ya lita inatangulia, wakati kwenye AVERAGEIF inakuja mwisho. Sijui ni nani aliyeona hilo ni jambo jema. Mimi hadi leo nachanganya. Sehemu zote lazima zilingane urefu pia. Ukiandika C2:C900 halafu A2:A899, utajibiwa #VALUE!.

Ukiona #DIV/0!, maana yake hakuna mstari uliotimiza masharti. Mara nyingi kwangu ilikuwa nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno: "Jioni " si sawa na "Jioni". Siku hizi kolamu B nimeiwekea orodha ya kuchagua, hakuna kuchapa. Na usifunike kosa hilo kwa IFERROR inayoandika 0, maana sifuri hiyo itaingia kwenye wastani mwingine huko mbele. Andika "Hakuna".

Mzee aliporidhika, nikadhani yamekwisha. Kumbe ">0" ilikuwa imempandisha pia mwanachama ambaye ng'ombe wake alikuwa amekauka kweli, sifuri zake zote halali zikatupwa nje. Nikaliondoa sharti hilo, nikarudi kwenye daftari la mizani, nikapitia siku moja moja: ambaye hakufika, seli tupu, aliyekamua akakosa, 0. Ilinichukua Jumapili mbili.