Kiwanja cha 20 kwa 20 kinaweza kukulisha mjini, acheni kudharau mchicha

Dada mmoja wa Bunju kaniandikia wiki hii, kapunguzwa kazini, ana kiwanja cha mita 20 kwa 20 hajajenga bado, anauliza hivi kweli mtu anaweza kuishi kwa mboga mboga hapa Dar au tunawadanganya watu mitandaoni. Dada yangu, mi sidanganyi mtu. Nalipa ada za watoto kwa robo eka ya kukodi huku Goba na sina mshahara popote.

Nilipoanza ndugu walinisema sana, baba mdogo kwenye kikao cha harusi kabisa, mbele za watu, akasema huyu kasoma mpaka chuo kikuu leo anamwagilia mchicha, ukumbi mzima ukacheka, na mpaka leo nikikumbuka roho inauma. Sikumjibu. Alfajiri yake nilikuwa kwenye matuta kama kawaida maana wamama wa mboga wanafika saa 11 na hawamsubiri mtu.

Na hao wamama ndo mtaji wenyewe. Mjini hulipwi kwa ukubwa wa shamba, unalipwa kwa kuwa karibu na mlaji, mchicha ukisafirishwa mbali unafika umelegea ila wa kwako umeng'olewa alfajiri na saa 2 uko gengeni mbichi kabisa. Kwa hiyo uza kwa tuta, mama anakuja analiangalia, mnapatana bei, anang'oa mwenyewe, anakupa keshi. KESHI. Kuna hoteli moja niliwapelekea chainizi kwa mali kauli, kila nikifuata hela naambiwa mhasibu katoka, mpaka leo sijalipwa. Wale wamama wa beseni kichwani hawajawahi kunidhulumu hata mia.

Sasa kiwanja chako ni kama sehemu ya kumi ya eka, ukiacha njia unapata matuta kama 25 ya mita 1 kwa 10. Mchicha unataka wiki 3 hadi 4, basi usipande yote siku moja jamani, panda matuta sita kila wiki, ili kila wiki kuwe na la kuuza. Samadi ya kuku iliyooza vizuri, sio mbichi inaunguza. Pembeni weka matembele, ukikata yanachipua tena. Na kabla ya Machi inua matuta juu, masika mabonde kama Msimbazi yakijaa maji mboga zinaadimika na bei inapanda, mwenye matuta yasiyotuama maji ndo anakula hela.

Vijana wenzangu mnaniumiza, mtu ana kiwanja kimeota majani anasubiri hela ya msingi miaka na miaka, huku mkewe ananunua mchicha gengeni kila jioni! Ardhi Mungu kakupa, jua lipo, walaji wamekuzunguka kila upande, unasubiri nani akupe ajira? Shika jembe. Na uza keshi, nasema tena.

Dada, kabla hujanunua hata mbegu onja maji ya kisima chako, Dar visima vingi vina chumvi, mchicha unavumilia kuliko chainizi. Ukishaonja niambie yakoje, marando ya matembele, yale mashina ya kupanda, nitakupa bure uje na kiroba tu.