Besi ya santuri imepotelea wapi?

SWALI: Ndugu mafundi, nimechomeka gramafoni kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta ili nihifadhi santuri za marehemu babu. Sauti inatoka nyembamba, besi hakuna, inakwaruza. Nimekosea wapi? Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Pole, ndugu yetu, huenda santuri zenyewe ni nzima. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa, maana besi ikiachwa ilivyo mfereji hutanuka mno na upande mmoja haubebi nyimbo nyingi. Kurudisha mizani hiyo ni kazi ya kikuza sauti chenye tundu la fono, yaani tundu maalumu la gramafoni. Tundu la maikrofoni haliwezi, tena huzidiwa upesi, ndiyo maana inakwaruza. Pitisha waya kwenye kikuza sauti hicho kwanza, kisha uingie kompyuta kwa tundu la laini (line in), si la maikrofoni. Waya wa ardhi wa gramafoni ufunge kwenye skrubu yake, la sivyo utasikia mvumo.

Rekodi kwa biti 24, vilele, yaani pale sauti inapopanda juu kabisa, visipite desibeli −6 kwenye kipimo cha programu. Vikigonga 0 sauti hupasuka, na iliyopasuka haitengenezeki vizuri. Hifadhi kwa WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza ubora wa sauti. MP3 iwe ya kutumiana tu.

Ila osha kwanza! Unyevu wa pwani huotesha ukungu mferejini. Tumia maji ya betri yasiyo na tindikali na kitambaa laini, ukifuata mzunguko, lebo isilowe. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika usizipake spiriti kamwe: huyeyusha shelaki, utomvu zilizotengenezwa nao. Nazo zina sindano yao, nene zaidi.