Laptopu mpya, keneli ya zamani: nawajibu

Swali, Tabata: Kaka, nimenunua laptopu mpya ya Core Ultra, nimebuti na flashi ya Debian 12, waifai hakuna kabisa na mwanga wa skrini haushuki. Nimeuziwa kimeo?

Hapana ndugu yangu, usirudi dukani na ugomvi. Angalia tarehe tu. Keneli ni kiini cha mfumo, ndo kinaongea na vifaa vya mashine. Debian 12, aina ya Linux, imetoka Juni 2023 na keneli 6.1, ambayo yenyewe ni ya Desemba 2022, na Core Ultra za kwanza, chipu za Intel, zimetoka Desemba 2023, sasa keneli itaijuaje chipu ambayo haikuwepo? Kwenye Linux draiva nyingi, yaani programu za kuendesha kila kifaa, zinakaa humohumo ndani ya keneli, sio kitu cha kutafuta kwenye sidii kama zamani. Chukua Debian 13 ina keneli 6.12, au Ubuntu 24.04.3, Linux nyingine, ina 6.14. Na ile ISO (faili la kuinstolia) ya kwanza ya 24.04 uliyonayo kwenye flashi tangu 2024 iache, hiyo ni 6.8. Najua Ubuntu ni karibu GB 6 na bando linauma, ila ni mara moja.

Swali, Mbagala: Instola ya Windows 11 haioni diski, ila nikibuti Ubuntu diski ipo. Imekuwaje?

Diski nzima. Intel wanapitisha diski za NVMe kwenye kitu kinaitwa VMD, kinachosimamia diski, keneli ya Linux ina draiva yake tangu 2016, instola ya Windows mara nyingi haina. Nenda saiti ya waliotengeneza laptopu, shusha draiva ya Intel RST, ifungue uweke kwenye flashi, ukifika kwenye diski bonyeza pakia draiva. Usizime VMD kwenye mashine ambayo Windows yake inafanya kazi, haitawaka mpaka uirudishe, na BitLocker, kufuli la diski la Windows, inaweza kukudai ufunguo.

Swali, Kinondoni: Dada yangu anataka laptopu ya chuo aweke Linux, nijaribu nini kabla ya kulipa?

Hili ndo nalipenda. Nenda na flashi yako, omba kubuti bila kuinstoli chochote. Juzi nilikuwa Kariakoo na jamaa yangu, muuzaji muungwana akaturuhusu, waifai ikakamata hotspoti ya simu, spika zikalia, tukasema tayari, nikamwambia subiri, nikafunga mfuniko dakika tano nikafungua, skrini nyeusi, feni inazunguka tu, mara ya pili hivyohivyo. Tukaiacha. Kwa hiyo mfuniko usiusahau, na maiki, kamera na tachipadi, watu wanaangalia waifai wanaridhika, halafu mtoto anafika darasani anafungua mashine haiamki na kazi yake ilikuwa humo.

Swali, Temeke: Waifai haipo, nitaapdetije keneli bila intaneti?

Simu yako na waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, keneli inaiona kama kadi ya mtandao.

Ukikwama bado, naomba usinitumie picha ya skrini iliyotikisika, nitumie maandishi yanayotoka ukiandika amri uname -r na lspci -nn kwenye tamino, pale mwishoni mwa mstari wa waifai kuna namba mbili zenye nukta pacha katikati, hizo ndo jina halisi la chipu, nikizipata nakwambia keneli ipi inaijua.