Je, 1 + 2 + 3 + 4 + … ni hasi 1/12 kweli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeonyeshwa kwa mistari michache kwamba 1 + 2 + 3 + 4 + …, bila kukoma, ni sawa na hasi 1/12. Namba chanya tupu zinazaaje hasi? Tunadanganywa?

JIBU: Marahaba. Kwa kujumlisha kule ulikofundishwa, jibu halipo: 1, 3, 6, 10, 15, inapanda tu. Na mistari ile imekukera kwa haki, maana inasogeza mfululizo na kuutoa kana kwamba hakuna hatari. Iite jumla yetu J. Andika chini yake 0 + 1 + 2 + 3 + …, ambayo nayo ni J. Toa namba kwa namba: unapata 1 + 1 + 1 + … = 0. Sogeza hiyo nayo, toa tena: 1 = 0. Hapo hesabu yote imeshabomoka.

Lakini hasi 1/12 yenyewe si uzushi. Mwanahisabati Euler aliifikia katika karne ya 18, mwenzake Riemann akaipa msingi imara mwaka 1859, na Ramanujan, mwanahisabati wa India, akaitaja katika barua yake kwa Hardy, mwanahisabati Mwingereza, mwaka 1913. Mimi hupenda kuionyesha hivi. Kila namba n izidishe kwa r kipeo n, r ikiwa chini kidogo ya 1, ili namba za mbali zififie. Ukichukua r kuwa e kipeo hasi 0.1 (e ni namba maalumu ya hisabati, karibu 2.718), jumla inatulia kwenye 99.9167. Ukichukua e kipeo hasi 0.01, inatulia kwenye 9,999.9167. Umeona? 100 kasoro 0.0833, kisha 10,000 kasoro 0.0833 ileile! Sehemu kubwa inakua bila kikomo. Upungufu unazidi kuikaribia 1/12.

Basi hasi 1/12 ni kinachobaki baada ya kuondoa sehemu inayokua. Alama ya "sawa na" imepewa maana nyingine, na anayeiandika bila kukwambia hivyo anakukosea sana.

Fizikia inaitumia njia hii. Mwaka 1948 mwanafizikia Hendrik Casimir alitabiri kwamba sahani mbili za metali zisizo na chaji, zikikaribiana mno ndani ya ombwe, huvutana. Katika ukokotoaji huo 1 + 8 + 27 + …, yaani 1, 2, 3, … kila moja kipeo 3, hupewa 1/120, na mvutano wenyewe umeshapimwa maabara.

Ukitaka kujizoeza, anza na 1 − 1 + 1 − 1 + …. Ififishe vivyo hivyo. Mara hii hakuna cha kuondoa; inakwenda moja kwa moja kwenye nusu.