Kuanzisha jarida la kitaaluma la fikra na sheria za Kisikhi: makala kwanza, tovuti baadaye

Mkuu, umeuliza wewe na wenzako muanzie wapi, na kama tovuti ikiwa tayari mtakuwa mmemaliza kazi kubwa. Tovuti iwekeni mwisho. OJS ni programu ya bure ya kuendeshea majarida, na fundi wa kawaida anaifunga kwa siku chache. Majarida machanga hufa kwa kukosa makala za toleo la pili. Msitangaze chochote kabla ya kuwa na makala 10 hivi zilizokwisha kuhakikiwa, yaani matoleo mawili mkononi.

Kisha amueni mnamaanisha sheria ipi. Kuna ya ndani ya dini: Rehat Maryada (kanuni za mwenendo wa Kisikhi) iliyoidhinishwa mwaka 1945 na SGPC, kamati inayosimamia gurdwara, yaani mahekalu ya Kisikhi; rahitnama za kale (maandiko ya mwenendo); na hukamnama (amri) za Akal Takht, kiti kikuu cha mamlaka ya dini hiyo. Kuna ya dola: Sheria ya Ndoa ya Anand ya 1909, Sheria ya Gurdwara za Punjab ya 1925, kesi ya Mandla v Dowell-Lee ya 1983 iliyowatambua Masingasinga (Wasikhi) kuwa kundi la kikabila katika sheria ya Uingereza, na Multani ya 2006 nchini Kanada kuhusu kirpan (kisu cha kidini) shuleni. Utamu uko pale hizi mbili zinapokutana. Sheria ile ya 1925, kwa mfano, inamtaka mtu, panapozuka swali kama yeye ni Msikhi, atamke kuwa anaiamini Guru Granth Sahib (kitabu kitakatifu), anawaamini Maguru kumi na hana dini nyingine. Hapo bunge limeshaingia kwenye teolojia, na swali hilo linastahili toleo zima. Upande wa fikra, jarida la Sikh Formations lipo tangu 2005. Nafasi yenu ni sheria.

Kila mswada upewe wahakiki wawili wa aina tofauti: mmoja anayesoma Gurmukhi (mwandiko wa maandiko ya Kisikhi), mwingine mwanasheria. Mkichukua wawili wa upande mmoja, mtapitisha makala ya mwanasheria anayenukuu maandiko kutoka tafsiri ya Kiingereza tu, au ya mwanateolojia anayeijua hukumu kupitia magazeti. Alikeni watano au sita ili mpate wawili, na muwape wiki nne hadi sita. Uwanja huu ni mdogo, watu wanajuana kwa tanbihi zao, kwa hiyo kuficha jina la mwandishi pekee hakutoshi: ondoeni na maneno kama "nilivyoeleza katika kitabu changu", pamoja na jina lililojificha kwenye taarifa za faili.

Mwongozo wa waandishi uandikeni mapema. Guru Granth Sahib ina kurasa 1430, ziitwazo ang. Daini namba ya ang na mtunzi (M1 ni Guru Nanak, M5 ni Guru Arjan). Hukumu zitajwe kwa rejea kamili, mfano 2006 SCC 6 kwa Multani.

Na hapa ndipo wengi huumia: Gurmukhi ipokelewe kwa Unicode tu, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta. Fonti za zamani kama AnmolLipi huficha herufi za Kilatini chini ya sura ya Gurmukhi. Fonti ikikosekana, shabad (utenzi wa maandiko) inageuka takataka, na mtambo wa kutafutia hauioni kabisa. Mkibadilisha kwa programu, kagueni irabu ya sihari (i fupi) moja moja, maana huonekana kabla ya konsonanti lakini katika Unicode huandikwa baada yake.

Fedha za gurdwara zipokeeni, ila makubaliano yaseme wazi kwamba mfadhili haoni mswada kabla haujachapishwa. Miaka ya 1990 wapo wanazuoni walioitwa mbele ya Akal Takht kwa sababu ya utafiti wao, kwa hiyo malalamiko yatakuja. Yapokelewe kwa maandishi, mlalamikaji apewe nafasi ya makala ya majibu inayohakikiwa vilevile, na makala ifutwe kwa wizi wa kitaaluma, data za kubuni au kosa kubwa linaloangusha matokeo yake, si kwa hasira ya wasomaji.

ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) haina malipo kwenye vituo vingi. Nakala ya karatasi na ya mtandaoni kila moja ina namba yake. DOI (namba ya kudumu ya kila makala) mtazipata kwa uanachama wa shirika la Crossref, unaolipiwa kila mwaka, kwa hiyo uwe kwenye bajeti. DOAJ (orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure) wataombwa baadaye: wanataka angalau makala 5 za utafiti kwa mwaka, na za wahariri, wajumbe wa bodi na wahakiki wenu zisizidi asilimia 25 ya toleo. Bodi inayojichapisha yenyewe hukwama hapo.