Muulize Mwalimu: Maji ya kunywa yanafikaje kwenye kibofu?

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sayansi shule ya msingi huku Mbagala, darasa lina watoto zaidi ya mia moja. Tumemaliza mifumo ya mwili, na ukiwauliza sehemu za figo wanazitaja zote kama wanaimba. Lakini juzi niliwapa karatasi tupu, nikawaambia wachore njia ya maji tangu mdomoni mpaka yanapotoka kama mkojo. Karibu wote wamechora bomba moja limenyooka kutoka tumboni hadi kwenye kibofu. Wengine wamechora mabomba mawili tangu kooni, moja la chakula na jingine la maji. Nimevunjika moyo. Nianzie wapi? – Mwalimu kijana, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Usivunjike moyo. Karatasi hizo ni hazina, zitunze, maana walimu wengi hufundisha mpaka wanastaafu bila kujua watoto wana picha gani kichwani. Na hao watoto wamefikiri vizuri tu: maji yanaingia juu, yanatoka chini, basi lazima pawe na bomba. Wanachokosa ni damu. Sisi tumewafundisha mmeng'enyo wa chakula wiki hii, mfumo wa mkojo wiki ijayo, mzunguko wa damu mwezi ujao, na mifumo imekaa vichwani mwao kama majirani wasiosalimiana.

Ningekuwa wewe, ningeanza upya na damu, kisha kila mfumo niuunganishe hapo.

Na wala si watoto wa Mbagala tu waliokwama. Galeni, tabibu aliyeheshimiwa kwa zaidi ya miaka 1,000, alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, inakwenda mwilini na kuishia huko. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis wa Kairo aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, ndipo ifike upande wa kushoto. Mzunguko mzima ulielezwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628, na silaha yake kubwa ilikuwa hesabu. Hesabu hiyo watoto wako wanaiweza.

Waambie: moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma mililita 70 hivi kwa kila pigo, na hupiga kama mara 70 kwa dakika. Wazidishe. Watapata mililita 4,900, karibu lita 5. Sasa waambie kwamba damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5. Uliza: dakika ya pili moyo unasukuma damu gani? Hapo nyamaza, waache wabishane. Atatokea mmoja aseme, "Mwalimu, ni ileile imerudi." Mtoto aliyelifikia jambo hilo mwenyewe hatalisahau. Halafu kila mmoja ajipime mapigo kwa vidole viwili chini ya kidole gumba, akiwa amekaa, kisha baada ya kuzunguka uwanja mbio. Wakiwa wamekaa wakapata 90, usishangae. Moyo wa mtoto huenda kasi kuliko wa mtu mzima.

Ndipo uje kwenye figo. Nenda bucha au machinjio ya Vingunguti asubuhi, ununue figo za mbuzi. Usichukue za ng'ombe, kwa sababu zile zina mafundomafundo, lakini ya mbuzi ni laini na imepinda kama ya binadamu. Mwambie muuzaji asiondoe mafuta wala asikate mirija karibu mno. Ukiweza, chukua na moyo wenye mapafu yake, ila mkaguzi wa nyama huwa anaupasua kidogo, kwa hiyo chagua ambao haukukatwa sana. Ukitaka kuyajaza mapafu hewa, tumia pampu ya baiskeli, usipulize kwa mdomo. Mwenye kidonda mkononi asishike, wote wanawe kwa sabuni, na nyama hiyo ifukiwe.

Kwa darasa la watu mia, figo sita au saba zinatosha, moja kwa kila kundi. Wabandue mafuta taratibu pale penye bonde. Watakuta mirija mitatu: mmoja unaleta damu, mmoja unarudisha damu, na mmoja mweupe unaoshuka kwenye kibofu. Sasa waulize bomba la kutoka tumboni liko wapi. Walitafute. Halipo. Basi maji yameingiaje humu? Hakuna mlango mwingine ila damu.

Kutoka hapo safari inajichora. Chukueni chaki, mchore uwanjani: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba. Kwenye utumbo mwembamba ndipo maji mengi yanapoingia kwenye damu, na mengine huingia kwenye utumbo mpana. Damu hiyo hupita kwenye ini kwanza, kisha moyo upande wa kulia, mapafu, moyo upande wa kushoto, ateri kuu, figo, kibofu. Kundi moja liwe maji, watembee njia yote huku wakitaja walipo. Kama una chaki nyekundu na ya bluu, zitumie, lakini waambie wazi kwamba damu ya mtu haiwi bluu kamwe. Iliyopungukiwa oksijeni ni nyekundu iliyoiva tu.

Ukimaliza, wape hesabu nyingine. Figo mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku. Panga ndoo 9 za lita 20 mbele ya darasa, waone. Lakini mkojo wa siku nzima ni lita moja hadi mbili. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimerudishwa kwenye damu. Na joto letu la Februari likizidi, mtoto akicheza juani mpaka shati linalowa, mkojo wake unakuwa kidogo na wa rangi kali, kwa sababu maji yametokea kwenye ngozi. Hapo umeingiza mfumo mwingine na hujafungua sura mpya. Kisha wape tena ile karatasi tupu.

*Habari Mwalimu. Binti yangu ana miaka 12. Mwezi uliopita alivunja ungo akiwa shuleni, akalia akidhani amepasuka tumboni. Mwalimu wake aliiruka mada ya uzazi, akawaambia wakasome wenyewe nyumbani. Mimi naona haya, kwetu kazi hii ni ya somo, yaani kungwi. Nifanyeje? – Mama wa Tabata*

Pole sana mama, na nifikishie pole kwa binti. Imeniuma. Mtoto anafahamu kongosho iko wapi, lakini hajui mji wake wa mimba unafanya nini!

Somo aje, ni heshima na ni malezi. Lakini wewe kaa naye kwanza, mkiwa wawili, umweleze mwili kwa sauti ileile ambayo ungemweleza figo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, inatuma homoni ambazo husafiri na damu mpaka kwenye ovari. Ovari inakomaza yai, nayo hutoa homoni zake, na ukuta wa ndani wa mji wa mimba unanenepa ukijiandaa kulea mimba. Mimba isipoingia, ukuta ule unabanduka na kutoka. Hakuna kilichopasuka. Damu yenyewe, ingawa inatisha machoni, kwa kawaida ni vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa hedhi nzima.

Mwambie hedhi huchukua siku 3 hadi 7, na kwamba miaka ya mwanzo tarehe huruka: anaweza kukaa siku 21, au hata 45, na bado yuko sawa. Akilazimika kubadili pedi kila saa, au ikizidi wiki, au ikipotea miezi mitatu, nendeni zahanati. Na mwambie bila kuzunguka kwamba sasa anaweza kupata mimba.

Kwa walimu wenzangu wanaosoma hapa: msiwatoe wavulana nje mkifika mada hii. Mvulana aliyefundishwa sawasawa hamcheki mwenzake sketi inapochafuka.

*Shikamoo Mwalimu. Kitabu kimoja kinasema mifumo ya mwili ni 10, kingine 11. Na bandama iko mfumo gani? – Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kigamboni*

Marahaba. Vitabu vingi huhesabu 11. Tofauti inatokana na mwandishi alivyogawa: mwingine huweka mifupa na misuli pamoja, mwingine huweka limfu (majimaji ya mwilini yanayorudishwa kwenye damu) ndani ya mzunguko wa damu. Fuata kitabu mnachotumia darasani.

Bandama huwekwa kwenye mfumo wa limfu, ingawa kazi yake kubwa iko kwenye damu. Iko kushoto, chini ya mbavu. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, na bandama huziondoa zilizochakaa. Huondoa pia zenye vimelea vya malaria, ndiyo maana huweza kuvimba, na ndiyo maana daktari humbonyeza mtoto mwenye homa upande wa kushoto. Mtu aliyeondolewa bandama huishi, ila maambukizi humshambulia kirahisi zaidi.

Kiungo cha kukuchanganya zaidi ni kongosho: hutoa maji ya kumeng'enya chakula kwenye utumbo, na hutoa insulini kwenye damu. Ukiulizwa ni ya mfumo upi, andika yote miwili, na mbele ya kila mmoja taja inachotoa.